Bangili za Shaba na Kijani Chake

Hapa kwetu Katanga shaba tunaihesabu kwa tani: inatoka Kolwezi, inapakizwa katika lori, inavuka mpaka pale Kasumbalesa. Bankambo wetu waliihesabu pia kwa mikono na kwa shingo. Mbele ya kuwa mali ya kampuni, mukuba ulikuwa bangili, mukufu, pete na mukaba. Na vitu hivyo vilihitaji matunzo. Juu ya matunzo hayo tunataka kusema kidogo, kwa sababu tunaona leo watu wanasugua kila kitu kwa ndimu, na vitu ambavyo hatutavipata tena vinaharibika.

Tuanze na jiwe lenyewe. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo wale walioitwa « wala shaba » walichimba wakati wa kiangazi, baada ya kuvuna mtama, ni shaba iliyoungana na hewa na maji. Fundi aliichoma kwa makala katika tanuru ya udongo wa kichuguu, na shaba ikatoka nyekundu. Ukiiacha katika unyevu, pole pole inarudia hali yake ya zamani: kwanza inafifia, halafu inakuwa nyeusi-nyeusi, mwisho kijani. Jasho na chumvi vinaiharakisha. Ndiyo maana bangili inaacha alama ya kijani kwenye mukono. Wengine wanasema ni damu mbaya, wengine wanasema muuzaji amewadanganya. Hapana, ni jasho tu, na shaba safi kabisa inafanya vile vile.

Mapambo haya si ya jana. Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika jimbo ambalo leo linaitwa Haut-Lomami, wachimbuzi wa mambo ya kale walifungua makaburi tangu mwaka 1957. Jacques Nenquin alifanya kazi pale, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliiendeleza. Walikuta marehemu wamezikwa na vyungu, vyuma, na mapambo ya shaba. Mengine yamepita miaka 1.000. Shaba haichimbwi Kisale. Ilitoka mbali, upande wa kusini, ikapita mikono mingi mpaka kufika kwa wavuvi wa ziwa. Baadaye ikaja misalaba midogo ya shaba, ambayo ilikuwa makuta ya watu. Msalaba huo ndio uliowekwa mara tatu katika bendera ya Katanga ya 1960.

Katika karne ya 19, Bayeke wa M'siri, waliotoka Unyamwezi, walijulikana kwa waya. Fundi alivuta shaba katika matundu ya chuma, kila tundu dogo kuliko lingine, mpaka waya ikawa nyembamba sawa uzi. Halafu waliizungusha juu ya kamba ya nyuzi, na hiyo ikawa bangili. M'siri aliuawa mwaka 1891. Mwaka 1906 Union Minière ikaundwa, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamwagwa katika tanuru za Lubumbashi. Tangu hapo shaba ikapanda treni.

Sasa, namna ya kusafisha. Bangili nzito ya kila siku haina shida: majivu laini na maji kidogo, kusugua kwa kitambaa. Ikiwa nyeusi sana, ndimu na chumvi, kwa sababu ukali wa ndimu unayeyusha ule weusi. Lakini mama asiishie pale! Lazima kuiosha kwa maji mengi na kuikausha vizuri, kwani chumvi ikibaki, kesho kijani kinarudi kwa nguvu. Ukipaka mafuta kidogo sana, hata ya ngazi, hewa haiigusi haraka. Ile ya waya juu ya nyuzi, usiitie katika maji kamwe: nyuzi zinakunywa maji, shaba inaoza kutoka ndani. Kitambaa kikavu kinatosha.

Vitu vya zamani, hapo tunakataza kabisa. Kuna watu wakiokota msalaba au bangili shambani wanaing'arisha mpaka inafanana na waya ya umeme mpya, wakifikiri bei itapanda. Wanaharibu ushahidi. Chumvi za shaba zinaua vijidudu vinavyoozesha, kwa hiyo kipande cha kamba, cha ngozi au cha nguo kilichogusana na bangili ndani ya kaburi kinaweza kubaki, kimeshikwa katika kijani. Dakika tano za ndimu zinatosha kukifuta. Ukiokota kitu kama hicho, kiache na udongo wake, andika mahali kilipotoka, upeleke habari kwenye Makumbusho ya Lubumbashi.

Bado mikufu ya malakiti, ile wasichana wetu wanavaa kwenye ndoa na wageni wanaipenda sana. Kijani chake si uchafu, ndilo jiwe lenyewe. Ndimu inalila: linatoa povu na mng'ao unakufa. Mikufu hiyo inafutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo bila siki wala ndimu, inakaushwa, inawekwa mbali na marashi.