Kiti Kilichoongezwa Mwishoni: Makamu wa Kwanza wa Rais wa Marekani

Mkutano wa Katiba ulianza Philadelphia Mei 1787, na hadi Agosti inakwisha cheo cha Makamu wa Rais kilikuwa hakijaandikwa popote. Kilijitokeza katika taarifa ya kamati iliyosomwa tarehe 4 Septemba, siku chache kabla ya wajumbe kutawanyika. Kilichowasumbua kilikuwa kitu kingine kabisa: namna ya kumpata Rais. Walihofu kila jimbo litampigia kura mtu wake. Wakaamua kila mjumbe wa kumchagua Rais awe na kura mbili, na moja lazima iende kwa mtu wa jimbo lingine. Ili kura ya pili isitupwe ovyo, mshindi wa pili akapewa cheo.

Hugh Williamson wa North Carolina alisema waziwazi kwamba ofisa huyo hakuhitajika; ameletwa kwa ajili ya utaratibu wa uchaguzi tu. Roger Sherman wa Connecticut akaona asipokuwa mwenyekiti wa Seneti atakosa kazi ya kufanya. Elbridge Gerry wa Massachusetts naye aliona kwamba kumkalisha Makamu Seneti ni sawa na kumkalisha Rais mwenyewe, na mwishowe akakataa kutia saini Katiba. Mwaka 1813 Gerry huyohuyo aliapishwa kuwa Makamu wa tano, akafa akiwa madarakani Novemba 1814.

Wa kwanza alikuwa John Adams, aliyepata kura 34 mwaka 1789 dhidi ya 69 za George Washington. Mshahara wake ulikuwa dola 5,000 kwa mwaka, Rais akilipwa 25,000. Desemba 1793 alimwandikia mkewe Abigail akilalamika kwamba nchi yake imemtungia wadhifa duni kupita wote. Uchungu wake unaeleweka, ila haukuwa haki kwa kazi aliyoifanya. Seneti ilikuwa ndogo, kura zikifungana mara kwa mara, na Adams alipiga kura ya kuamua mara 29. Mojawapo, ya Julai 1789, ilimwachia Rais uwezo wa kumfukuza mkuu wa wizara bila kuiomba Seneti ruhusa. Serikali ya Marekani ingali inasimama juu ya uamuzi huo.

Kisha vikaja vyama, na hesabu ya kura mbili ikaharibika. Mwaka 1796 Adams alipata kura 71 na Thomas Jefferson, mpinzani wake, 68. Rais na Makamu wake wakawa mahasimu. Mwaka 1800 mambo yakazidi: Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, walipata kura 73 kila mmoja, na Katiba haikutofautisha nani alipigiwa Urais na nani Umakamu.

Shauri likaenda Baraza la Wawakilishi, Washington, katika jengo la Bunge ambalo lilikuwa bado linajengwa. Yalikuwepo majimbo 16, kila jimbo kura moja, na mshindi alihitaji 9. Upigaji kura ulianza tarehe 11 Februari 1801. Joseph Nicholson wa Maryland alikuwa mgonjwa sana. Alibebwa kitandani katikati ya theluji, akapiga kura akiwa amelala. Asingefika, Maryland ingemwendea Burr. Raundi baada ya raundi Jefferson alibaki na majimbo 8, Burr 6, mawili yamegawanyika. Tarehe 17, katika raundi ya 36, James Bayard wa Delaware na wenzake walilegeza msimamo, na Jefferson akapata majimbo 10. Marekebisho ya 12 ya Katiba, ya mwaka 1804, yalitenganisha kura za vyeo hivyo viwili.

Burr akabaki Makamu asiyeaminiwa na Rais wake. Tarehe 11 Julai 1804, huko Weehawken, New Jersey, alimpiga risasi Alexander Hamilton katika pambano la bastola, na Hamilton akafa kesho yake. Burr alishtakiwa New York na New Jersey, lakini Novemba alikuwa kitini Seneti kama kawaida. Februari 1805 akaongoza kesi ya kumwondoa Jaji Samuel Chase wa Mahakama Kuu, ukumbi ukiwa umetandazwa vitambaa vyekundu na kijani. Aliiongoza kwa uadilifu ambao hata wabaya wake waliukiri, na Chase akaachiwa. Tarehe 2 Machi aliwaaga maseneta, na baadhi yao walilia.

Swali zito lilisubiri hadi Aprili 1841, Rais William Henry Harrison alipofariki baada ya mwezi mmoja madarakani. Je, Makamu hurithi kiti au anakishikilia tu? John Tyler aliapa tarehe 6 Aprili katika hoteli moja mjini Washington na kujihesabu Rais kamili. Waliomwona kaimu tu walipiga kelele, naye hakusogea. Millard Fillmore aliufuata mfano wake mwaka 1850, na wengine baada yake. Katiba yenyewe iliandika hivyo mwaka 1967 tu, kwa Marekebisho ya 25, yaliyoweka pia njia ya kujaza kiti cha Makamu. Hadi wakati huo kiti hicho kilikuwa kimeachwa wazi mara 16: Makamu saba walikufa, wanane walipanda kuwa Rais, na mmoja, John C. Calhoun, alijiuzulu Desemba 1832.