Asilimia 40: Kampuni za Kigeni Katika India Huru

India ilitawaliwa na kampuni kabla haijatawaliwa na serikali ya Uingereza. East India Company, iliyopewa hati na Malkia Elizabeth I tarehe 31 Desemba 1600 ili ikafanye biashara ya Mashariki, ilishinda vita vya Plassey mwaka 1757, na ilipofika 1765 tayari ilikuwa na haki ya kukusanya kodi Bengal. London iliinyang'anya madaraka mwaka 1858, baada ya uasi mkubwa wa askari wa Kihindi. Kwa hiyo India ilipopata uhuru Agosti 1947, mfanyabiashara wa nje hakupokewa kama mgeni wa kawaida. Alikwisha kuingia mara moja na mizani, akaishia kushika funguo za nyumba. Ndiyo maana serikali za India huru hazikujali sana kampuni ya kigeni inauza nini. Zilitaka kujua inamiliki hisa ngapi.

Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza, hakuzifukuza kampuni za kigeni. Azimio la Sera ya Viwanda la 1956 liliweka chuma, makaa ya mawe, umeme na reli mikononi mwa serikali, na sehemu kubwa ya viwanda vilivyobaki ikawa chini ya leseni: leseni ya kujenga, ya kupanua, ya kuagiza mashine. Mfumo huo, uliokuja kubandikwa jina la Utawala wa Leseni, uliwakera wenye viwanda wazalendo, lakini kwa kampuni ya nje iliyokwisha kuwa ndani ulikuwa sawa na ua, kwa kuwa mshindani mpya hakupita kirahisi. Lever, ambayo sabuni yake ya Sunlight ilishushwa bandarini Kolkata tangu 1888, iliunganisha kampuni zake tatu mwaka 1956 kuwa Hindustan Lever na kuwauzia Wahindi asilimia 10 ya hisa. Imperial Tobacco, iliyoanzishwa Kolkata mwaka 1910, iliendelea kuuza sigara zake. Coca-Cola ilikuwa imefungua kiwanda New Delhi mwaka 1950.

Mambo yalianza kukaza katika miaka ya 1970, na kisa kimoja cha wakati huo kinawahusu hata abiria wa Dar es Salaam. Bajaj Auto ilikuwa ikiunda skuta za Vespa na vigari vya matairi matatu kwa ushirikiano na Piaggio ya Italia. Mkataba ulimalizika mwaka 1971, serikali ya Indira Gandhi haikukubali uongezwe, na Bajaj ikaendelea peke yake kwa jina lake. Skuta ikaitwa Chetak. Vigari vya matairi matatu vilikuja kuvuka bahari miaka mingi baadaye, na Tanzania vinaitwa bajaji hata vikitoka kiwanda kingine.

Pigo lenyewe lilikuwa Sheria ya Kudhibiti Fedha za Kigeni ya 1973, iliyoanza kutumika Januari 1974. Kampuni yenye hisa za wageni zaidi ya asilimia 40 ilitakiwa kuomba kibali cha Benki Kuu ili iendelee na biashara, na nyingi zilielekezwa kushuka hadi kiwango hicho. Gawio la wanahisa wa nje lililipwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo India ilikuwa nazo chache. Kampuni nyingi zilitii. Colgate-Palmolive iliuza hisa kwa umma mwaka 1978, na kwa kuwa bei ya hisa mpya ilipangwa na ofisi ya serikali, tena chini, walimu na makarani wakajikuta wanahisa wa kampuni za kimataifa. Hindustan Lever ilipata upenyo kwa kuonyesha kwamba inasafirisha bidhaa nje na inatumia teknolojia ya juu, ikaruhusiwa kubaki na asilimia 51 mikononi mwa kampuni mama.

Coca-Cola ilikataa. Uchaguzi wa 1977 ulimwangusha Indira Gandhi, na chama cha Janata kikamkabidhi Wizara ya Viwanda George Fernandes, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi aliyeshinda ubunge akiwa gerezani. Serikali ilitaka asilimia 60 ya hisa iende kwa Wahindi pamoja na siri ya mchanganyiko wa kinywaji. Kampuni iliona afadhali iondoke kuliko kuitoa siri, ikaondoka mwaka huohuo. IBM, iliyolaumiwa kwa kuikodisha India mashine zilizokwisha kutumika kwingine, ilifunga shughuli zake mwaka 1978.

Pengo lililoachwa ndilo lenye mafunzo mengi katika historia hii. Serikali ilitengeneza soda yake, Double Seven, jina la kukumbusha mwaka 77, lakini haikudumu. Wafanyabiashara binafsi walifanya vizuri zaidi: Campa Cola ikashika kaskazini, na Parle ya Ramesh Chauhan ikatoa Thums Up, soda kali zaidi ambayo wanywaji waliizoea kwa miaka 16 bila Coca-Cola sokoni. Kwenye kompyuta, matengenezo ya mashine za IBM yalichukuliwa na shirika la umma la CMC, huku HCL na Wipro zikijenga biashara zao katika soko lililoachwa wazi.

Hata hivyo mlango haukufungwa wote. Suzuki ya Japani iliingia mwaka 1982 kwa asilimia 26 tu katika Maruti Udyog, kampuni ya serikali, na tarehe 14 Desemba 1983 Indira Gandhi, aliyekuwa amerudi madarakani, alimkabidhi mnunuzi wa kwanza funguo za Maruti 800. Kampuni kubwa za magari za Marekani na Ulaya hazikuthubutu kuingia ubia mdogo namna hiyo. Suzuki ilivumilia miaka 20, ikapata hisa za kutosha kuidhibiti kampuni hiyo mwaka 2002.

Mwaka 1991 ndio uliogeuza meza. Akiba ya fedha za kigeni ilipungua hadi kutosha kuagiza bidhaa za wiki chache, na tani 47 hivi za dhahabu zikapelekwa nje kuwa rehani ya mkopo. Tarehe 24 Julai, serikali ya Narasimha Rao ilitangaza sera mpya ya viwanda, siku ileile Waziri wa Fedha Manmohan Singh aliposoma bajeti. Katika sekta 34 mgeni aliruhusiwa kumiliki hadi asilimia 51 bila mlolongo wa vibali.

Coca-Cola ilirudi 1993 na kuinunua Thums Up, pamoja na Limca na Maaza. Nia yake ya kuizima Thums Up ilishindwa na wanywaji wenyewe, na mpaka leo soda hiyo inauzwa sana. Kellogg, iliyoingia 1994, iligundua kwamba Wahindi wengi hunywa maziwa ya moto asubuhi, na nafaka zake zikalainika kuwa uji. McDonald's ilijifunza mapema: mgahawa wake wa kwanza, New Delhi mwaka 1996, haukuwa na nyama ya ng'ombe wala ya nguruwe.

Tangu hapo ugomvi umehamia kwenye kodi na sheria. Vodafone iliponunua kampuni ya simu ya Hutchison mwaka 2007 ilidaiwa kodi, ikashinda Mahakama ya Juu Januari 2012, kisha Bunge likabadili sheria kwa kurudi nyuma. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2021. Walmart ilitoa dola bilioni 16 mwaka 2018 kupata asilimia 77 ya Flipkart, duka la mtandaoni, kwa sababu maduka makubwa ya kawaida yanayouza bidhaa za kila nembo bado yana ukomo wa asilimia 51. Bima ilifunguliwa kwa asilimia 26, ikapanda hadi 49 mwaka 2015 na 74 mwaka 2021. Utengenezaji wa sigara umefungwa kabisa kwa mtaji mpya wa kigeni tangu 2010, karne moja kamili baada ya Imperial Tobacco kuanza biashara hiyohiyo Kolkata.