Kompyuta ya Hazina na Daftari la Babu

Nilimwonyesha bibi, huko Kibosho, picha ya Cray-1 kwenye simu. Ni kompyuta-kuu iliyofungwa maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1976: tani 5 na ushei, umbo la herufi C, imezungukwa na benchi lenye mito kama kochi la mapokezi hotelini. Ndani ya benchi walificha vifaa vya umeme, na mashine yenyewe ikipozwa kwa freoni, kama friji. Leo moja ya Cray hizo iko Computer History Museum, California, pamoja na CDC 6600 iliyoitangulia. Bibi akauliza kama mtu anaruhusiwa kuikalia.

Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu kompyuta Tanzania, na sina cha kupiga picha. Kompyuta yetu ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka huohuo CERN, Uswisi, walipokea CDC 6600 kuchunguza chembe za atomu. Yetu ilipewa hesabu za serikali. Mambo hayakwenda vizuri: gharama zilikuwa kubwa, na wataalamu wengi walikuwa wageni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ila kwa kibali maalumu.

Katazo hilo likitajwa darasani, watu hucheka. Nami nilicheka, mpaka bibi aliponitolea daftari la babu kutoka kwenye sanduku la bati.

Babu alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Tangu 1933, KNCU ilipoundwa Moshi, vyama vya namna hiyo viliendesha biashara ya kahawa ya maelfu ya wakulima mlimani kwa mizani, kalamu na karatasi: jina, kilo, shilingi, senti. Daftari lake linakoma 1976, mwaka serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika. Kurasa zilizobaki ni tupu. Los Alamos wanafungua boksi la Cray, babu anafunga leja.

Ukurasa mmoja una kilo 12 zilizokatwa kwa mstari na kuhamishiwa jina jingine. Kando kuna alama ya dole gumba. Kosa linaonekana, aliyelifanya anajulikana, aliyekubali marekebisho ameacha kidole chake. Sijui kama ningeweza kuidai ICT 1500 hivyo. Hata hivyo sitetei katazo: liliwanyima vijana wetu miaka ya kujifunza, na wageni waliendelea kuhitajika.

Nilimwomba bibi tulipeleke daftari chuoni, likahifadhiwe vizuri.

"Hapana, mjukuu wangu," akasema, akilifunga tena kwa kanga. "Mjane wa yule wa kilo kumi na mbili yuko hapo chini tu. Bado anasema babu yako alikosea mara ya pili."