Mashine ya Rosenblatt na Hukumu ya Mwaka 1969

Mwezi Julai 1958, mjini Washington, Jeshi la Majini la Marekani liliwaonesha waandishi wa habari kompyuta ya IBM 704 iliyojifunza, baada ya majaribio 50, kutofautisha kadi zenye alama kushoto na zile zenye alama kulia. Gazeti la New York Times likaripoti kwamba Jeshi lilitarajia mashine ya namna hiyo itembee, izungumze, ione, iandike na hata ijitambue. Ahadi hizo zote zilitokana na kadi za kushoto na kulia!

Mwenye wazo hilo, Frank Rosenblatt, alikuwa mwanasaikolojia, jambo ambalo husahaulika. Alitaka kujua ubongo huhifadhije yale uliyojifunza. Donald Hebb alikwisha kupendekeza, mwaka 1949, kwamba kujifunza ni kuimarika kwa miunganiko baina ya seli za ubongo. Perseptroni ya Rosenblatt iliipa kila miunganiko uzito. Ilipokosea, uzito ulirekebishwa kidogo. Haikuandikiwa kanuni, bali ilipewa mifano na kusahihishwa.

Mwaka 1969 Marvin Minsky na Seymour Papert walichapisha kitabu Perceptrons. Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyepinga ubaguzi wa rangi na kufanya kazi na Jean Piaget huko Geneva, naye alishughulishwa mno na namna watoto wanavyojifunza. Walithibitisha kihisabati kwamba perseptroni ya tabaka moja haiwezi kujifunza hata kanuni ndogo ya "ama hiki ama kile, lakini si vyote viwili". Uthibitisho huo ulikuwa sahihi. Kuhusu matabaka mengi walitoa kisio tu, kwamba njia hiyo ingekuwa tasa, nao hawakuficha kuwa ni kisio. Wengi walikipokea kana kwamba nacho kimethibitishwa. Wanaoidhinisha bajeti za utafiti wangefaa kuipitia habari hii mara mbili.

Rosenblatt alifariki katika ajali ya mashua mwaka 1971, siku alipotimiza miaka 43. Mwaka 1986 David Rumelhart, mwanasaikolojia pia, pamoja na Geoffrey Hinton na Ronald Williams, walionesha jinsi ya kusahihisha mtandao wa matabaka mengi kwa kulirudisha kosa nyuma, tabaka kwa tabaka. Mwaka huohuo Rumelhart na James McClelland waliufunza mtandao wakati uliopita wa vitenzi vya Kiingereza, nao ukafanya makosa yanayofanana na ya watoto. Steven Pinker na Alan Prince waliukosoa vikali mwaka 1988. Kanuni iliyoufunza mtandao huo wa vitenzi ilikuwa ileile ya Rosenblatt.