Kulegea kwa ujirani Dar es Salaam

Kulegea kwa ujirani ni hali ya wakazi wa mji kuishi karibu karibu bila kujuana wala kutegemeana. Dar es Salaam, iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022, inaonyesha wazi hali hiyo, hasa katika eneo la Kariakoo. Nyumba ya Kiswahili iliyoenea huko ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati wenye vyumba pande zote mbili, na ua nyuma. Wapangaji walitumia pamoja jiko, choo na bomba. Aliyeishiwa chumvi aliomba chumba cha pili, na asiyeonekana uani asubuhi alibishiwa hodi. Maghorofa yaliyochukua viwanja vya nyumba hizo yana maduka chini na mageti ya chuma juu. Baraza halina tena mahali. Foleni za magari nazo humrudisha mfanyakazi nyumbani usiku. Balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama tawala wa ngazi ya chini aliyemjua kila mgeni, alipungukiwa na nguvu baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992. Wanaoumia zaidi ni wazee na wahamiaji wapya, na hilo halipewi uzito unaostahili. Msiba bado huwakusanya watu, ingawa michango mingi sasa hutumwa kwa simu.