Mjane Aliyeipigania Alhamisi ya Mwisho

Septemba 1822, katika mji mdogo wa Newport, jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani, wakili David Hale alifariki dunia kwa maradhi ya mapafu. Alimwacha mkewe, Sarah Josepha, na watoto wanne. Wa tano alikuwa bado tumboni. Mjane huyo alikuwa na miaka 33. Alivaa nguo nyeusi za msiba na akaendelea kuzivaa hadi alipofariki mwaka 1879. Riziki ya watoto aliitafuta kwa kalamu.

Riwaya yake ya kwanza, *Northwood*, ilitoka mwaka 1827. Ndani yake kijana Sidney, aliyelelewa na shangazi yake huko kusini, anarudi shambani kwa wazazi wake, na sura nzima inasimulia mlo wa siku ya kutoa shukrani. Bata mzinga wa kuokwa yuko kwenye kichwa cha meza. Kuna nyama ya ng'ombe, ya nguruwe na ya kondoo, bata bukini, pai la kuku, na pai la maboga ambalo bila hilo siku haijawa siku. Lakini uzito wa sura ile hauko kwenye sahani. Uko kwa mtoto aliyerudi.

Hale hakuibuni sikukuu hiyo. Majimbo ya New England yalikuwa nayo tangu zama za ukoloni. Kila gavana alitangaza siku yake mwishoni mwa majira ya mavuno, majani ya miti yakiwa yamekwisha kupukutika, nafaka iko ghalani, mifugo imechinjwa, na theluji bado haijafunga njia. Asubuhi watu walikwenda kanisani, mchana wakakaa mezani. Kadiri miaka ilivyokwenda, meza ilizidi kuchukua nafasi ya ibada, na sababu yake iko wazi: watoto walikuwa wanaondoka. Mashamba ya New Hampshire yana mawe mengi, hayakuweza kuwalisha wote. Wasichana walikwenda kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya Lowell, wavulana wakaelekea magharibi kutafuta ardhi Ohio. Siku ya shukrani ikawa ndiyo siku ya kuhesabu nani amefika. Anayejua mabasi ya kwenda Moshi, Tanzania, yanavyojaa watu wanaorudi nyumbani kila Desemba hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1837 Hale alianza kuhariri *Godey's Lady's Book*, jarida la wanawake lililochapishwa Philadelphia, ambalo kufikia 1860 lilikuwa na wanunuzi wapatao 150,000. Nguvu hiyo aliitumia kudai jambo moja: taifa lote liketi mezani siku moja, Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwaka hadi mwaka aliandika tahariri, akachapisha mapishi, akawaandikia magavana mmoja mmoja na marais kwa zamu zao. Wengi walikubali. Wengine huko kusini waliona hilo ni jambo la watu wa kaskazini, wapinzani wa utumwa. Gavana wa Virginia, Henry Wise, alikataa mwaka 1856. Hale aliamini kwamba watu wanaokula siku moja hawatapigana. Vita vya kaskazini na kusini vilianza 1861.

Tarehe 28 Septemba 1863, akiwa na miaka 74, alimwandikia Rais Abraham Lincoln kumwomba siku hiyo iwe ya taifa zima. Ilikuwa chini ya miezi mitatu tangu mapigano ya Gettysburg, ambako watu wapatao 50,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea ndani ya siku tatu. Tarehe 3 Oktoba tangazo la siku hiyo lilitoka, likiwa limeandikwa na waziri wa mambo ya nje, William Seward, na kutiwa saini na Lincoln. Liliwataka Wamarekani watoe shukrani, na papo hapo wawaombee wajane, yatima na wafiwa. Siwezi kulisoma tangazo lile bila kumfikiria mwanamke aliyelidai. Kwa nyumba zisizo na idadi, Alhamisi ya 26 Novemba ilikuwa ya kwanza kupita kiti kikiwa tupu, jambo alilolijua yeye kwa miaka 41.

Marais waliofuata waliendelea kutangaza siku hiyo kila mwaka. Mwaka 1939 Franklin Roosevelt aliiwahisha kwa wiki moja ili wenye maduka wapate siku zaidi za kuuza kabla ya Krismasi. Majimbo yakagawanyika, baadhi yakafuata siku mpya na mengine ya zamani. Desemba 1941 sheria ikaiweka Alhamisi ya nne ya Novemba.

Na ile hadithi ya mahujaji wa Plymouth, walowezi wa Kiingereza huko New England, waliokula na Wenyeji wa nchi? Karamu ilikuwepo, mwaka 1621, kwa siku tatu. Chifu Massasoit wa Wawampanoag alifika na watu wapatao 90, nao wakaleta kulungu watano. Lakini kumbukumbu yake ilikuwa ndani ya barua moja tu, na ni mwaka 1841 mhariri mmoja alipoichapisha upya na kuiita karamu hiyo Siku ya Shukrani ya kwanza. Sikukuu ya familia ilikuwa imekwisha kukua bila hadithi hiyo. Hadithi hiyo ilipopachikwa, hayakusimuliwa yaliyofuata: mwaka 1676 Metacom, mwana wa Massasoit, aliuawa vitani, kichwa chake kikatundikwa juu ya nguzo hapohapo Plymouth kwa zaidi ya miaka 20, na mkewe na mwanawe walikuwa wametekwa.

Mwaka 1970 Mwampanoag mmoja, Wamsutta Frank James, alialikwa kuhutubia sherehe ya miaka 350 ya mahujaji kufika. Waandaaji walipoisoma hotuba yake mapema, waliikataa. Alikwenda na wenzake kwenye kilima cha Cole's Hill, Plymouth, wakaitangaza Alhamisi ya shukrani kuwa Siku ya Kitaifa ya Maombolezo. Tangu hapo Wawampanoag na watu wa mataifa mengine ya Wenyeji hukusanyika pale kila mwaka, wengi wao wakiwa wamefunga kula.