Horyu-ji
Horyu-ji ni hekalu la Kibuddha lililoko Ikaruga, mkoa wa Nara, nchini Japani. Lilianzishwa na mwanamfalme Shotoku mwaka 607, likateketea mwaka 670, kisha likajengwa upya. Majengo yake makuu ni miongoni mwa majengo ya mbao ya kale zaidi duniani yanayosimama hadi leo.

Fahari yake ni pagoda ya orofa tano, yenye urefu wa mita 32 hivi. Katikati yake imepita nguzo ya hinoki, mti wa jamii moja na mtarakwa, uliokatwa mwaka 594: nguzo ni kongwe kuliko hekalu lenyewe! Nayo haibebi orofa hata moja. Hubeba pambo la kileleni tu. Mbao nyingine zimeungwa kwa ndimi na matundu, hivyo ardhi ikitetemeka viungo hucheza bila kuachana.

Moto ndio adui mkubwa zaidi. Tarehe 26 Januari 1949 uliharibu michoro ya ukutani katika Kondo, ukumbi mkuu wa ibada. Mwaka uliofuata Japani ilitunga sheria ya kulinda mali za utamaduni. UNESCO iliandikisha hekalu hilo katika Urithi wa Dunia mwaka 1993.